Povu la Chura Juu ya Mgunga

Enzi zetu kule Kigwa, mvua za kwanza zikishanyesha, hakuna mtoto aliyekaa ndani. Tulikimbilia mbugani kwenye majaruba ya mpunga, miguu peku, karanga za kuchemsha mfukoni, tope mpaka magotini. Watoto wa siku hizi wakikanyaga tope wanamwita mama!

Migunga iliyoinamia maji ilijaa mapovu meupe, kama mtu amefua akasahau kusuuza. Ndani ya mapovu hayo vyura walitaga mayai. Mama alitukanya kila siku: "Mmetumwa maji, choteni maji. Povu la chura liacheni lilipo."

Mwaka mmoja mvua ikakata. Jua likawaka, mapovu yakakauka kwa juu kama ukoko wa wali. Mimi na kiherehere changu, roho ikaniuma. Chura si wa majini? Mayai yake yafe kwa kiu na maji yako hapo chini? Nikaangua mapovu mawili, nikayazamisha jarubani kwa mikono yangu hii. La tatu miiba ilinizuia. Nikarudi nyumbani kifua mbele.

Mvua iliporudi nikaenda kuwaangalia watoto wangu. Masikini! Mayai niliyoyazamisha yameoza, yananuka. Lile la tatu limelainika kwa mvua, na viluwiluwi vinadondoka majini kimoja kimoja, vizima. Kumbe ule ukoko ndio uliowatunzia unyevu ndani. Nililia sana. Mama hakunichapa. Alisema tu, "Ungeuliza, mwanangu."

Leo mbuga ile imejaa nyumba za bati. Msimu huu nimeona povu moja tu, kwenye tawi la mgunga juu ya shimo la jirani la kuchimbia udongo wa matofali, lenye maji kidogo, naye alikuwa anataka kulifukia shimo hilo. Nikamwendea, nikamwomba asubiri mvua.

"Bibi, kwa ajili ya vyura?" Akacheka, lakini amesubiri.

Mjukuu wangu, anayejua kila kitu kwa simu, akaja na fimbo. "Bibi, linakauka! Tulitie majini!"

Nikamshika mkono, nikamsimulia yote haya.

Enzi zile tungechoka kuyahesabu mapovu. Hili moja nakwenda kuliangalia kila asubuhi, mikono nimeifumbata mgongoni.