Mwizi wa Vifaranga vya Samaki Nyantende

Mama alinituma Nyantende kwa sababu kaka yake, Tonton Cirhuza, alikuwa karibu kuitwa mwizi. Alilinda bwawa la samaki la wakristo, na vifaranga waliotiwa humo walikuwa wanatoweka. Jumapili, baada ya misa, kamati yao ingeamua kama angebaki na shamba alilopewa kwa ulinzi huo. Wengine walitaja uchawi. Mimi, mwanafunzi wa biolojia, niliukataa uchawi hata kabla sijamaliza chai.

Jumapili hiyo, saa moja asubuhi, mtaani Essence mjini, nilipanda lori lililobeba magunia, bokali tupu la kioo mapajani.

"Citoyen, unaenda kuvua na ile kopo?" dereva aliuliza.

"Naenda kukamata mwizi."

"Ah! Mwizi mwembamba!"

Saa tatu nilifika bwawani, nikamuuliza Tonton kina cha maji na idadi ya vifaranga. Ukingoni, mashina yakiwa ndani ya maji, kulikuwa na majani na maua yaliyopandwa siku ya salongo, ile kazi ya lazima ya umma, ili kumpendeza kiongozi mmoja wa Chama tawala ambaye hakufika. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kuyakata. Ni maua ya Chama. Wadudu weusi, wenye mgongo mgumu unaong'aa, walikuwa wanapanda juu, wanatoa makalio majini kuvuta hewa, kisha wanazama. Nilimnasa mmoja kwa kikapu. Pamoja naye alitoka buu mrefu wa kahawia, nikamtupa majanini. Sikuja kwa ajili yake.

Saa tano, misa ilipokwisha, mbele ya kanisa, nilimweka mdudu ndani ya bokali pamoja na vifaranga wawili na kuitolea kamati somo refu kuhusu jinsi anavyowala. Mdudu alizunguka, akatulia, akakataa kabisa kula. Nusu saa ilipita.

"Ule ni mukristo kutupita," alisema Papa Mushagalusa, mkuu wa kamati. "Iko anafunga."

Watu walicheka. Tonton aliangalia chini.

Maman Furaha, anayechota maji pale kila siku, alisogea. "We mutoto ya université, ule ameshakula. Leta mutoto yake. Ile ya meno."

"Mtoto wake?"

Aliondoka mwenyewe, akarudi na buu kama yule niliyemtupa. Alipomtia tu, taya zake mbili zilizopinda zilimshika kifaranga, naye akaanza kumfyonza. Papa Mushagalusa alisahau kufunga mdomo. Hatimaye alisema, kwa sauti ya chini, maua yakatwe Jumamosi, kwani, kama Maman Furaha alivyoeleza, ndani ya mashina yake ndimo wadudu hutaga. Tonton abaki.

Saa nane, njiani kurudi, Tonton alinisindikiza hadi barabara kuu.

"Ulimjua yule buu?" nilimuuliza.

"Toka niko mudogo."

"Mbona hukusema?"

"Mulinzi aseme samaki imekulwa na mududu? Wangenifukuza siku ile ile."

Nilitamani kumwambia kwamba kamati ni ya wapumbavu. Lakini mimi pia nilikuwa nimefika bwawani asubuhi ile na kumuuliza mambo mengi, isipokuwa anafikiri ni nani anayekula samaki.