Sayari Isiyo na Mvua

Mshonaji aliketi mstari wa mbele, kwenye uwanja wa shule, kumtazama mumewe kinyozi akiigiza nahodha wa chombo cha angani. Sare za wanaanga wote zilikuwa mapazia yake ya sebuleni. Hakuombwa wala hakuulizwa.

Mara mvua ikashuka bila hodi. Watazamaji wakajifunika viti vya plastiki kichwani. Nahodha, mbishi kuliko punda, akaendelea na maneno yake huku akitiririka maji: "Sayari hii haijaona tone la mvua miaka elfu."

Mkewe akasimama. "Baba watoto! Nguo nilizoanika, si ulisema utazianua kabla ya kutoka?"

Nahodha akawageukia wanaanga wake.

"Geuzeni chombo," akaamuru. "Turudi duniani."