Mhariri wa Bakteria

Mama yangu ni Mmatengo wa kahawa na maharage, na habari njema kwake hailali. Nilipompigia simu kwamba nimepata kazi ya kuhariri jeni za bakteria, alishika neno moja tu: kuhariri. Kufikia Jumapili, parokia nzima ilijua mwanawe ni mhariri wa gazeti.

Mimi sina habari. Nikarudi Mbinga likizo na furaha zangu, maana kazi ya maabara ilikuwa imeanza kukubali. Bakteria wetu ni wale wanaoishi kwenye mizizi ya maharage. Tulikuwa tukiwakata jeni, wanakufa karibu wote. Aliyebaki akiwa na badiliko tunalolitaka ni wa kutafuta kwa tochi. Kumbe tulikuwa na pupa: mkasi wetu wa kukatia jeni ulikata kabla kiraka cha kuziba pengo hakijafika. Tukauchelewesha mkasi, tukatanguliza kiraka, na waliobadilika wakaanza kuonekana wengi. Nilitaka kumsimulia Mama kabla hata sijavua viatu.

Nilimkuta sebuleni na shangazi, amepanda kutoka Kihagara, kando ya ziwa, na mfuko wa usipa, wale dagaa wa Nyasa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mhariri! Barabara yetu mtaiandika lini? Mvua ikinyesha samaki wanaoza njiani."

Nikaangua kicheko. Mama hakucheka.

Ikabidi nieleze yote, mkasi na kiraka, na vijidudu visivyoonekana kwa macho.

"Kumbe huna gazeti," alisema shangazi, akabeba usipa wake jikoni.

Mama akafungua kabati, akatoa kurasa za magazeti, zile za kufungia maandazi na misumari dukani. Alikuwa amezipiga pasi. Nyingine bado zina mafuta.

"Nilikuwa natafuta jina lako," alisema. "Nikadhani bado u mgeni kazini, hawajakuandika."

Nilimwonea huruma, nikajichukia kwa kile kicheko. Nikatoa simu, nikamfungulia makala yetu, ndefu na ya Kiingereza kitupu, nikamwonyesha mstari wa waandishi. Mama akaweka kidole kwenye kioo, ukurasa ukaruka hadi mwisho. Nikaurudisha. Safari hii akasoma bila kugusa, silabi kwa silabi, jina langu kwanza, halafu linalofuata, la marehemu mume wake.

"Hata baba yako yumo," alisema.

Jumapili iliyofuata simu yangu ilikwenda misa ya kwanza, mimi nikiwa bado kitandani.