Siku Kumi za Kumfunga Mbwa

Nyumbani kwetu, kwenye vilima vya juu ya mji wa Longisa, tulikuwa na mbwa jike wa rangi ya kahawia. Alimzidi kaka yangu mdogo umri kwa miezi michache tu. Kaka yangu alijifunza kusimama kwa kumshika masikio, naye mbwa alikuwa anavumilia.

Nilipokuwa darasa la tano, mbwa mwenye kichaa aliuawa karibu na kituo cha kuuzia majani mabichi ya chai. Haikupita wiki, nikawa namtoa mbwa wetu kupe sikioni, akanigeukia ghafla akaniuma mkono. Hakuwa amewahi kumuuma mtu. Damu ilikuwa kidogo. Niliifuta kwa majani, nikavaa sweta ya shule ingawa tulikuwa likizo, na sikusema neno. Nilijua baba angemuua.

Tangu hapo sikutulia. Nilikuwa nimesikia watu wakisema mgonjwa wa kichaa cha mbwa huogopa maji. Basi kila asubuhi nilimimina maji kwenye karai nikayakodolea macho, nikijipima kama nayaogopa. Mara nyingine moyo ulinienda mbio, nikashindwa kujua kama ni ugonjwa au ni hayo mawazo yangu. Kaka yangu akicheza na mbwa nilimfokea aondoke, naye alikwenda kulia kwa mama.

Siku ya nne tulikuwa tunachuma chai, mama mstari wa juu, mimi wa chini. Akaniambia nivue sweta, jua limekuwa kali. Nilikataa. Akaja, akaivuta mikono ya sweta mwenyewe, akaona. Hakunipiga. Aliacha kikapu palepale kati ya michai, akanipeleka nyumbani, akanisugua kidonda kwa sabuni mpaka nikalia, kisha tukashuka hospitalini kwa miguu. Njia nzima aliniuliza tena na tena kama naumwa kichwa.

Nilidungwa sindano, nikapangiwa kurudi kwa nyingine. Daktari alimweleza mama kwamba mbwa afungwe na aangaliwe siku kumi tangu aliponiuma. Akibaki mzima, basi hakuwa na kichaa siku ile.

Tulipofika nyumbani baba alikuwa ameshasikia, na panga alikuwa nalo mkononi. Mama alisimama kwenye mlango wa zizi la ndama, alimokuwa mbwa.

"Ukimuua leo hatutajua," alimwambia. "Huyu mtoto atakaa akijiangalia maisha yake yote."

Baba alimtazama, akanitazama mimi. Aliweka panga chini, akaenda kutafuta kamba.

Zilibaki siku sita. Mbwa alilia zizini mchana kutwa, na kaka yangu alikaa ng'ambo ya ua akimjibu kwa mluzi. Mimi nilizunguka zizi kama askari. Nilihesabu mara alizokunywa maziwa. Akipiga chafya nilikimbia kumwita mama, na mama aliacha kila kitu akaja, kila mara, bila kunikemea. Baba naye, aliyedai hajali mambo ya mbwa, nilimkuta mara mbili amechuchumaa pale akimwangalia mdomo kama unatoa povu.

Siku ya kumi alikuwa mzima, amekonda tu. Baba akafungua kamba. Mbwa alimrukia kaka yangu wakaanguka wote kwenye matope. Mama alicheka, kicheko cha kwanza tangu siku ile ya chai, kisha akaingia jikoni na hakutoka kwa muda mrefu. Nilipomfuata nilimkuta amekaa kwenye kigoda, kanga usoni.

Sindano nilizimaliza. Mbwa aliishi mpaka nikaingia kidato cha pili. Alikuwa akija kuniegemea miguuni kama zamani, nami nilimwacha aegemee, lakini mkono wangu niliuweka mfukoni. Kaka yangu aliona. Aliniuliza mara moja kama bado namchukia mbwa wake, nikamwambia hapana, na huo ulikuwa ukweli. Kwamba nilikuwa namwogopa, sikumwambia.