Katekista Stanislaus na Mama Asiye na Cheti

Alizaliwa mwaka 1950 ng'ambo ya mpaka, katika kijiji cha Burundi kilicho mwendo wa siku moja kwa miguu kutoka Kasulu. Wazazi wake walikuwa wakulima wa maharage na ndizi, watu wa sala, na mtoto wao alibatizwa akiwa na siku nane kwa jina la Stanislaus. Jina la nyumbani lilikuwa Niyongabo. Mwaka 1972, vita vilipofika kijijini kwao, nyumba yao iliteketea na baba yake akauawa. Kijana na mama yake walitembea usiku na mchana, wakavuka mpaka bila mzigo wowote, wakapokelewa na wakulima wa Kasulu, ambao lugha yao ya Kiha ilikaribiana mno na Kirundi chao hata wakaelewana siku ileile. Miaka miwili baadaye alifunga ndoa na Rosa, binti wa Kasulu, na mwaka 1980 wakahamia upande wa Kumsenga, wilayani Kibondo, kutafuta shamba. Tunamshukuru Mungu kwa njia hiyo ndefu, maana ndiyo iliyomleta kwetu.

Mwaka 1983 padri alimteua kuwa katekista wa kigango chetu kidogo, kanisa la tofali mbichi lililoezekwa nyasi. Hakuwa mpole, tusidanganyane. Alitufundisha sala akiwa na fimbo mkononi, ingawa sikumbuki kama aliwahi kumpiga mtu nayo. Lakini nani kati yetu alimpenda Mungu kama yeye? Kipindi cha Majilio kilimbadilisha. Aliacha pombe ya ndizi, akawatembelea wote aliokosana nao tangu Pasaka, akapalilia njia ya kanisa kwa jembe lake mwenyewe mpaka barabarani. Alituambia kwamba anayemngoja Bwana hakai tu akitazama kalenda, bali anaamka na kufagia moyo wake. Padri alitufikia mara chache kwa mwaka, kwa hiyo Komunyo ya Noeli ilikuwa njaa yetu ya miezi mingi. Ili kila mmoja ajiandae vizuri, Stanislaus aliweka daftari la Noeli. Kuanzia Jumapili ya kwanza ya Majilio aliandika majina ya wanaojiandaa kwa Kitubio, na kando ya kila jina aliandika kwamba ameona cheti cha ubatizo. Bila cheti, jina halikuandikwa. Sote tuliona ni utaratibu mzuri.

Mwishoni mwa Oktoba 1993 ndugu zetu wa Burundi walianza kuvuka mpaka tena, maelfu kwa maelfu, mvua ikiwanyeshea. Wengine walijenga vibanda vya nyasi na maturubai nyuma ya mashamba yetu. Jumapili ya tarehe 28 Novemba, siku ya kwanza ya Majilio, alifika kanisani mama mmoja mzee aitwaye Esteri Manirambona, akasimama mstarini na wengine. Alipofika mezani, Stanislaus alimwomba cheti.

“Kiliungua, mwalimu,” akasema. “Nilibatizwa nikiwa msichana mkubwa. Nakumbuka hata baridi ya yale maji.”

“Una mtu wa kukushuhudia?”

“Walikuwepo. Wamebaki njiani.”

Stanislaus alimwambia kwa upole, na upole huo ulimtesa baadaye kuliko ukali wake wote, kwamba hawezi kumwandika mpaka kipatikane cheti au shahidi. Mama Esteri hakubisha. Jumapili ya pili alirudi, akakaa nje karibu na mlango, akaimba nyimbo zote kwa Kirundi huku mvua ikimpiga mgongoni. Sisi tuliokuwa ndani tulimsikia. Ninaandika haya kwa aibu, maana nami nilikuwa ndani, na nafasi kwenye benchi ilikuwepo.

Jumapili ya tatu hakuonekana. Rosa, mke wa katekista, alibeba ugali wa muhogo na maharage akaenda kumtafuta, akamkuta chini ya turubai, homa imemshika, hali si nzuri. Mama huyo hakuomba dawa wala blanketi. Aliuliza tu kama padri atafika mapema, kwa sababu alitaka kumpokea Yezu kabla hajafa. Rosa alirudi nyumbani na bakuli likiwa bado limejaa, akaliweka mbele ya mume wake.

“Baba Reverien,” akamwambia, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, “siku tulipokwenda kuandikisha ndoa, cheti chako kilikuwa wapi?”

Rosa akajijibu mwenyewe.

“Kiliungua. Mama yako alisimama akasema, huyu ni mwanangu, nilimpeleka mwenyewe kubatizwa. Wakamwamini. Basi huyu hana mama wa kumsemea. Utamwacha afe hivihivi?”

Wanaoishi na watu wema wanajua kwamba nao husahau. Huyu alikuwa amesahau kwa miaka ishirini. Alikagua vyeti vya watu wote, akasahau kwamba cha kwake hakikuwahi kuvuka mpaka. Rosa anasema alilia kama mtoto, kisha akavua viatu vyake vya Jumapili, akaondoka alasiri ileile kwenda parokiani, mwendo wa zaidi ya kilomita thelathini. Baiskeli aliiacha, maana tope lingeikaba magurudumu. Bondeni mto ulikuwa umefurika na daraja la miti limezama. Alishika magogo ya daraja kwa mikono, maji yakimfika kifuani, akitembea na kusali Salamu Maria. Alifika parokiani alfajiri, akamweleza padri yote bila kujitetea.

“Mwalimu,” padri alimwambia, “aliyebatizwa akiwa mtu mzima, kiapo chake kinatosha. Sheria ya Kanisa ndivyo inavyosema. Ungeniuliza tu.”

Wakarudi wote wawili, kwa pikipiki mpaka mtoni na kwa miguu kuanzia hapo. Jumatatu jioni, chini ya turubai, mama Esteri alikula kiapo, akaungama, akapokea Mpako wa Wagonjwa na Ekaristi. Stanislaus alipiga magoti kwenye tope mbele ya watu wote akamwomba msamaha. Mama akamshika kichwa.

“Imana ishimwe,” akasema, yaani Mungu asifiwe. “Sasa niandike, mwalimu.”

Akamwandika. Kando ya jina, mahali pa cheti, aliandika neno moja: *Anajulikana*.

Mama Esteri hakufa. Siku ya Noeli wanaume wanne walimbeba kwa machela hadi kanisani, katekista akiwa ameshika mpini wa mbele, wakamweka karibu na hori. Wapo wanaosema Ekaristi ilimponya, wapo wanaosema ni dawa za zahanati. Mimi namshukuru Mungu kwa zote mbili. Kuanzia mwaka ule daftari la Noeli lilijaa majina ya wakimbizi, na fimbo ya katekista hatukuiona tena.

Stanislaus alifariki tarehe 16 Desemba 1998, siku tunayoanza novena ya Noeli, kwa ugonjwa wa mapafu. Padri alikuwa amekwisha kumpa sakramenti. Saa za mwisho akili yake ilirudi mbali, akaanza kupapasa mkeka kana kwamba amepoteza kitu. “Rosa, wataniuliza cheti. Kiko wapi?”

Rosa akamshika mkono. “Kiliungua, Baba Reverien. Lakini mimi nakutambua.”

“Basi nitaingia,” akasema, akatulia.

Kanisa halijamtangaza kuwa mtakatifu, nasi hatulitangulii. Tunachofanya ni kidogo. Kila Jumapili ya kwanza ya Majilio, kabla daftari halijafunguliwa, waumini wote wa kigango chetu hutoka nje ya mlango na kutazama nani amesimama pale. Aliye mgeni huingia wa kwanza, nasi tunamfuata. Wewe unayejiandaa kwa Noeli, fagia moyo wako kama alivyotufundisha, uungame, usali. Kisha toka nje uangalie mvuani. Ukimkuta mtu, usimwombe karatasi. Mshike mkono useme unamtambua, maana siku moja nawe utahitaji mtu wa kukusemea hivyo.