Siku Niliyonyunyizia Kaburi la Mama

Jamani, aibu ninazo nyingi, lakini hii ya kaburini kwa mama yangu ndiyo nikiikumbuka nafunika uso hata nikiwa peke yangu chumbani, na kama nilishawahi kukusimulia huku nacheka, ujue nilikuwa nakudanganya, maana siku yenyewe haikuwa na kicheko hata kimoja.

Kazi yangu mimi ni saruji. Si ya kujengea nyumba, hapana. Ninasoma nchi moja ya baridi huko mbali, na huko watu wanaikusanya hewa ukaa inayotoka viwandani (ndiyo hii hii tunayoitoa tukipumua, ila yao imezidi mpaka inaipasha dunia joto), wanaisukuma kwa kisima kirefu chini kabisa ya ardhi kwenye mawe yenye vitundu, halafu kisima wanakiziba kwa saruji ili isipande tena. Swali ni moja tu, saruji hiyo itadumu? Kwa sababu hewa ukaa ikikutana na maji ya huko chini, maji yanakuwa makali kama soda, na ukali huo mwanzoni unaifanya saruji iwe ngumu zaidi, lakini maji yakizidi kupita yanaanza kuila, chokaa yake inatoka kidogo kidogo mpaka kinabaki kitu laini unachoweza kukikwangua kwa ukucha. Basi mimi navifungia vipande vya saruji ndani ya mitungi ya chuma pamoja na hayo maji na hiyo hewa, nangoja miezi, nafungua, naangalia vimeliwa kiasi gani.

Mama alifariki mitungi ikiwa imefungwa. Nikapiga hesabu zangu, ndege ya kuunganisha, basi mpaka Same, gari la kupanda milimani kijijini kwetu Mhezi, nikaona nitafika wameshazika, na mtungi ukiufungua kabla ya wakati wake kazi yote imekufa, nikabaki. Nilipomweleza Baba kwenye simu alijibu, "Sawa, mama" (ananiita mama tangu nikiwa mdogo), na kuanzia hapo kila nikipiga ananiambia anakwenda kukatia ng'ombe majani. Hakunigombeza. Angenigombeza ningejua pa kushika. Alikuwa hana tena maneno na mimi, na mimi nilikuwa nimebaki na mzazi huyo huyo mmoja.

Nilipopata likizo, Shangazi Miriamu, dada yake Baba, akanipigia kwamba kaburi halijajengewa, wananingoja mimi. Hapo ndipo nilipofanya kosa langu dogo. Maabarani tuna maji fulani yasiyo na rangi kabisa; ukiyanyunyizia saruji ambayo bado nzima yanageuka rangi ya waridi iliyokolea, na pale hewa ukaa ilipokwisha kupita hayabadiliki, ndivyo tunavyojua imefika wapi. Nikajaza kidogo kwenye kile kichupa changu cha kupulizia nywele, nikatia mkobani. Nilijiambia Baba akiona kwa macho yake ataelewa ni kitu gani kilichonizuia.

Asubuhi ya siku ya kuliombea kaburi, hapo nyumbani kwetu, ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, na watu walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea, majirani, kwaya ya akina mama, mwinjilisti wa mtaa wetu na Biblia yake kwapani. Shamrashamra hakuna, watu wamekaa kwenye mabenchi yaliyoazimwa kanisani wametulia. Fundi alikuwa amemaliza kaburi siku iliyotangulia, ila kichwani alikuwa amepaka saruji nyembamba asubuhi ile ile, akaandika jina la Mama kwa msumari ikiwa mbichi. NIETIWE. Herufi zimenyooka utadhani za kitabuni.

Wakaimba, wakaomba, kisha mwinjilisti akasema, "Sasa tumpishe mwanetu Namkunda amsogelee mama yake."

Nikasogea. Nilisimama pale nikingoja machozi na machozi hayaji, nawaona kwa pembeni akina mama wameshaweka khanga zao tayari midomoni, Shangazi amenikaribia kama mtu anayetaka kunidaka nisianguke, na mimi nimesimama wima. Mtu akakohoa. Nikasikia aibu inanipanda, na badala ya kuchukua leso mkobani (leso ilikuwepo, jamani, ilikuwepo!) mkono ukatoka na kichupa.

"Shikamooni wazee wangu," nikasema. "Naomba niwaeleze kidogo kwa nini sikufika kuzika."

Nikaeleza. Nilieleza visima, nikaeleza hewa ukaa, nikaeleza chokaa inavyotoka, sauti yangu ni ile ile ya kuongea mbele ya maprofesa, na kadiri walivyozidi kunitazama ndivyo nilivyozidi kueleza, mpaka nikasema, "Ngoja mwone wenyewe," nikapuliza. Saruji ilikuwa mbichi, kwa hiyo haikuwa na mchezo. Ukuta wote wa kichwani ukawa mwekundu kama juisi ya rozela, na rangi ikaanza kuchuruzika kutoka kwenye jina la Mama.

"Damu!" Shangazi alipiga kelele. "Namkunda, umemfanya nini mama yako?"

Benchi likaanguka. Kuna mama wa kwaya alianza kukemea kwa jina la Yesu, wengine wakarudi nyuma wakaingia kwenye shamba la kahawa, na mimi nikawa nawafuata kwa sauti, "Hapana, hapana, ni nzuri hiyo! Ikiwa nyekundu ndiyo nzima!" Nani atakusikia? Nikaikumbuka ndimu, kwamba kitu kichachu kinaua ile rangi, nikakimbilia jikoni nikanyakua ndimu za kachumbari, nikarudi nikakamua. Rangi ikapotea. Nikashusha pumzi, ikarudi, maana saruji ya ndani bado ilikuwa mbichi. Nikakamua tena nikasugua kwa kiganja, ikapotea, ikarudi, nikasugua kwa nguvu zaidi, na sikuona ninachokifanya mpaka fundi aliposema polepole nyuma yangu, "Dada, jina."

Jina lilikuwa limeondoka. Palibaki NI na mchirizi wa vidole vyangu.

Baba akaja akanishika mkono. "Acha. Acha, mama." Kisha akawageukia watu, akawaomba radhi, akawakaribisha makande. Hamu ya kula ilikuwa imeshatoka. Mwinjilisti alinishika bega akapita, na mmoja mmoja wakaaga, wakashuka makwao.

Tukabaki wawili. Nikaanza tena, "Baba, nilitaka tu uelewe ile saruji..."

"Nimeelewa," akasema. "Mnataka kujua kama itadumu. Ni kazi nzuri." Kisha akasema bila kuniangalia, "Lakini hawa watu hawakuja kutazama saruji. Siku tunamzika walisema, mtoto wa marehemu hajalia, akija tutarudi tulie naye. Leo wameacha tangawizi zao shambani, wamekuja. Tulikuwa tunangoja ulie tu, mama. Hakuna aliyekuuliza sababu. Hata mimi sikukuuliza."

Hapo ndipo machozi yalipokuja. Nililia mpaka nikakaa chini kwenye udongo, nililia kwa sauti kama walivyotaka nilie, na nilipoinua kichwa kutafuta watu niliona mabenchi matupu na ukungu.

"Wamekwenda, Baba."

"Wamekwenda," akasema, akakaa chini pembeni yangu na koti lake la kanisani. "Nipo mimi."

Nimejiapia tangu siku hiyo. Nikisikia msiba, uwe wa ndugu au wa jirani, sipigi hesabu ya kuwahi wala kuchelewa, naondoka, na nikifika silisubiri neno zuri la kusema, naanza kulia getini begi likiwa bado mgongoni, watoto wa watu wananicheka, na wacheke.