Mdogo Wake Bado Amejificha

Katikati ya miaka ya themanini, mimi na jirani yangu, nesi kutoka Nakuru, tuliazima ukumbi wa chini wa maghorofa yetu pale Adelphi, ughaibuni, tukafungua kambi ya mchana kwa watoto wa wahamiaji wenzetu waliofunga shule. Wazazi walikuwa kazini kutwa. Tuliwapikia watoto wali, tukawachezesha, tukawasemesha Kiswahili. Wao wakatujibu kwa Kiingereza.

Mmoja tu ndiye aliyejibu kwa Kiswahili, binti wa miaka saba aliyetoka Tanga karibuni na mama yake. Nilipowafundisha kombolela, mchezo wa kujificha niliokua nao, zamu yake ya kutafuta haikuisha. Wenzake wote wameshaonekana, naye angali anazunguka nyuma ya mashine za kufulia zilizokuwa mle ukumbini.

"Unamtafuta nani, mwanangu?"

"Mdogo wangu. Bado amejificha."

Kila siku alikuja peke yake. Lakini haukupita muda, watoto wengine nao wakawa wanamngoja huyo mdogo kabla ya kuanza mchezo mwingine. Hawakucheka. Mchana mmoja niligawa sharubati. Kila mtoto akapata kikombe, na kimoja nilichokwisha kukijaza kikabaki mkononi mwangu. Nilisimama nacho nikitazama kule kwenye mashine.

Mama yake alipokuja kumchukua, nilimweleza. Aliketi kwenye ngazi, na sare ya kazi mwilini.

"Tulimwacha kwa bibi yake, akafa kwa homa," akasema. "Huyu sijamwambia."

"Anajua, dada."

"Naona hivyo. Nilitaka mmoja wetu aendelee kumngoja."

Alimwambia wiki ile. Binti akaacha kutafuta. Wenzake ndio waliouliza mdogo wake yuko wapi, naye akawajibu kwa Kiingereza, kwa mara ya kwanza, kwamba amekwenda kwao.

Theluji ilipoanguka tulikaa jikoni kwangu kupanga kambi ya pili, ya kiangazi kijacho.

"Safari hii tuwe nje, bustanini," akasema nesi, mtu wa kanisa asiyeamini mambo ya mizuka. "Mimi siku hizi nafua kwa mkono."

Sikumuuliza sababu. Mama wa binti alikuwa nasi, akichambua mchele. Akaomba aje kutusaidia siku zake za mapumziko, hata kama mwanawe hatapenda kuja.

"Nyumbani kumetulia mno tangu binti aache kumtafuta mdogo wake," akasema.

Tukamkabidhi jiko.